Majina Yaliyoitwa Vihingo

Ndugu zangu wa Kongowe, nanyi wa Mlandizi, nanyi wa ng'ambo ya Mzenga mliosimamisha jembe mkaja kusikia, nawaeleza jambo lililoikuta nyumba ambayo wengi wetu tumepita mbele yake tukasema, hawa wamejaliwa. Sisemi ili tuwacheke. Hujafa hujaumbika.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa Shaabani ukikaribia. Bibi Sikuzani alikuwa ameketi kwenye mkeka ukumbini, daftari kwenye magoti, kalamu ya bluu mkononi. Jikoni mkwewe Zawadi alikuwa akichoma maandazi, na mwanawe Hemedi, karani wa ofisi moja huko Dar, alikuwa akipiga viatu rangi huku akiimba chini chini. Nyumba ilikuwa shwari.

Bibi alikuwa akinakili majina. Elimu yake ni darasa la nne, na herufi zake huwa kubwa, zimesimama moja moja kama miti ya mihogo kwenye tuta. Kila mwaka kabla ya Ramadhani huandika majina ya marehemu wake wa Vihingo, kijijini kwao, karatasi ikapelekwa msikitini kule, ustadhi akayasoma jina kwa jina katika khitma, na watu wakainua mikono na kuitikia amina. La kwanza ni la kaka yake, Rajabu Mwinyijuma, aliyefariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Baada yake walifuata wengine thelathini na wanane. Juu ya karatasi hakuandika kichwa chochote. Karatasi kama ile, nani asiyejua ni ya nini? Alipomaliza akaikunja, akaiweka ndani ya msahafu.

Rahma, binti ya Hemedi, alipita pale na kompyuta yake mpakato, masikioni ameziba vile vidude vya muziki. Hakuuliza bibi anaandika nini. Laiti angeuliza!

Rahma huyu alikuwa akisomea shahada ya pili, fahari ya nyumba nzima. Jioni ile Bibi alimuuliza, "Hivi mjukuu wangu, hicho unachosomea hasa ni nini? Watu wananiuliza nabaki kutoa macho."

"Ni utafiti, Bibi. Vyombo vya habari na elimu katika jamii. Yaani mtoto wa kijijini akitoka shule, nyumbani anajifunza kwa nini? Redio? Televisheni? Simu?"

"Sasa jibu lake si linajulikana? Anajifunza kwa kuchota maji."

Rahma akacheka. Kisha akaeleza kwamba kuna shirika moja linalogharamia utafiti wake, na shirika hilo linataka kuisaidia kata moja ya Kisarawe. Yeye atakwenda Vihingo kuuliza wazazi wasiopungua sitini. Kama watoto wana vyombo vya kujifunzia nyumbani, wataletewa vishikwambi vyenye masomo ndani yake. Kama hawana, shirika litajenga bweni la wasichana pale sekondari.

Bibi akashika kifua. "Bweni? Rahma, unamjua Tunu?"

"Tunu gani?"

"Tunu wa kwa wifi yangu! Mjukuu wa kaka yangu. Yuko kidato cha pili. Anatoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, anakatiza msitu peke yake, viatu mkononi ili visiloe umande. Bweni likijengwa, mtoto yule amepona. Lini tunakwenda? Nami naja."

"Nitakwambia, Bibi. Usiwe na presha."

Wiki ikapita, na nyingine. Siku moja Rahma aliondoka kweli na mkoba, akafika Mzenga njiani, mvua ikamkuta. Jioni alirudi na tope hadi magotini. "Barabara gani ile!" akawa anamlalamikia baba yake. "Halafu mtandao haushiki kabisa. Mimi kule siwezi kulala."

Baada ya hapo Bibi Sikuzani akaitwa kwenye msiba Mlandizi, akakaa siku saba. Aliporudi, alimkuta Rahma anang'aa.

"Bibi, shikamoo! Kazi imekwisha. Wazazi sitini na wawili."

"Marahaba. Alhamdulillahi! Umefika hata kwa wifi?"

"Nimefika. Hajambo sana, anakusalimia."

"Na Tunu umemwona?"

"Nimemwona. Kakua!"

Bibi akalala siku hiyo moyo mweupe. Wenzangu, uongo wa mtoto umpendaye huwa hauna harufu. Hata alipofungua msahafu akaona karatasi yake imekunjwa vingine, alisema moyoni, pengine ni mimi mwenyewe na uzee wangu.

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Baada ya Idi, shirika likaitisha mkutano wa mrejesho katika uwanja wa shule kule Vihingo. Mwanzoni Rahma alisema haendi, anaumwa kichwa, lakini shirika likampigia simu kwamba ni lazima awepo. Bibi alivaa khanga mpya akaenda naye. Njia nzima Rahma hakusema neno, na Bibi akadhani ni kichwa.

Uwanja ulijaa. Wifi yake, mjane wa marehemu Rajabu, alimkumbatia. "Wifi, umetutupa! Tangu mwaka juzi hatujaona mtu wa kwenu."

"Si Rahma alikuja kabla ya mfungo?"

"Rahma yupi?"

Bibi alitaka kujibu, lakini spika ikapiga mluzi na mkutano ukaanza.

Aliyesimama alikuwa Bi. Stellamaris, ofisa wa shirika, mama mpole mwenye sauti ya kusikika. Akashukuru mapokezi, kisha akasema, "Ndugu zangu, mmetupa habari njema. Utafiti umeonyesha kwamba hapa Vihingo nyumba tisa kati ya kumi zina televisheni au simu kubwa, na wazazi mnapenda watoto wajifunzie nyumbani. Kwa hiyo tumewaletea vishikwambi sitini. Lile bweni tumelipeleka kata nyingine, na msingi umeshachimbwa."

Watu wakatazamana. Televisheni? Vihingo hii ambayo umeme umeishia nguzo ya nne? Tunu alikuwa amesimama na wanafunzi wenzake pembeni, na Bibi akaona mtoto anainamisha kichwa taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo vibaya.

"Kabla ya kugawa," Bi. Stellamaris akaendelea, "tunawapa vyeti vya shukrani wazazi waliojibu maswali yetu. Nikikuita, njoo mbele. Mzee Rajabu Mwinyijuma!"

Vichwa vikamgeukia mjane wake.

"Mzee Rajabu Mwinyijuma yupo? Basi tutarudi kwake. Bi. Tatu Saidi! Mzee Abdulaziz Mwinyijuma! Bi. Mwajuma Kondo!"

Bibi Sikuzani akashika mkono wa wifi yake. Kando yake mzee mmoja aliweka fimbo chini, akainua viganja. Mwingine akainua. Jina la tano liliposomwa, safu nzima ya wazee ilikuwa imeinua mikono, na kila jina lilipotoka kwenye spika, sauti nzito zikaitikia, "Amina." Jamani! Kwa maana majina yale, Vihingo, husomwa kwa jambo moja tu.

Bi. Stellamaris akatabasamu. "Naona hawa wanaheshimika sana."

Jina la sita, Bibi akalijua kabla halijatamkwa. La saba vilevile. Yalikuja kwa mpangilio wake yeye, kama alivyoyapanga kwa mkono wake ukumbini Kongowe. Akamgeukia Rahma. Rahma alikuwa amefunika uso kwa mtandio.

"Bibi," akanong'ona, "tuondoke. Tafadhali."

Lakini wifi alikwisha kusimama. "Mwanangu," akamwambia ofisa, "unatufanyia mkutano au unatusomea khitma?"

"Samahani, mama, nawaita waliojibu maswali."

"Wamejibu lini?"

"Mwaka huu, kabla ya mfungo."

"Mume wangu Rajabu nimemzika, huu mwaka wa kumi na moja. Hebu niambie na mimi, amekujibu nini? Maana mimi mkewe naota tu."

Kuna watu wakataka kucheka, wakajizuia. Bi. Stellamaris akafungua jalada. Akasoma kwa sauti ya chini, spika ikaipeleka hadi barabarani: "Anasema nyumbani ana televisheni na simu mbili. Anasema mtoto wa kike hana haja ya kulala bweni. Akae nyumbani asaidie kazi, televisheni inamtosha."

"Rajabu?" Wifi akaita kana kwamba mumewe yuko uwanjani. "Rajabu aliyembeba mama yake Tunu mgongoni, mto umefurika, maji kifuani, ili asikose mtihani? Rajabu amesema hivyo?" Akakaa chini kwenye vumbi, akafunika kichwa khanga. Wanawake wakaanza kulia, na msiba wa miaka kumi na mmoja ukawa wa leo. Mzee mmoja akauliza, "Na mama yangu Bi. Tatu, yeye amesema ana redio?"

Bi. Stellamaris akamfuata Rahma. "Dada, hawa watu uliongea nao?"

Rahma hakuinua uso. "Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi bweni lirudi!" akapaza sauti mwenyekiti wa kijiji.

"Mzee, siwezi kufukia msingi wa watu," alisema Bi. Stellamaris, machozi yakimlenga. "Fedha ya bweni ilikuwa ya moja tu. Mwaka huu hakuna lingine."

Bibi Sikuzani aliporudi Kongowe hakuvua hata khanga ya safari. Alimkuta Hemedi anakunywa chai.

"Hemedi, Rahma anasema karatasi zile za maswali mlijaza nyinyi?"

Hemedi akaweka kikombe. "Mama, mtoto alikuwa amekwama. Tarehe imefika. Mimi nilimsaidia tu kuweka alama. Kalamu nyeusi mimi, Zawadi ya bluu, ili isionekane ni mwandiko mmoja."

"Na majibu mliyatoa wapi?"

"Si watu wetu wale, Mama? Wanayoyasema tunayajua."

"Unayajua! Mara ya mwisho ulikanyaga Vihingo lini?"

Hemedi akakisogeza kikombe pembeni.

"Na majina?"

"Majina aliyaandika Rahma peke yake, sisi tumekwenda kulala. Mengine alitunga kichwani. Haya mengine alisema amepata orodha ya ndugu. Sikuiangalia, Mama. Wallahi ningeiangalia ningejua."

Rahma akapiga magoti. "Bibi, mimi nilimjua kwa jina la Babu wa Vihingo tu. Sikujua kwamba ndiye Rajabu Mwinyijuma."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma Bibi kuliko yote. Mtu anasomea jamii hadi shahada ya pili, na jina la kaka wa bibi yake halijui, wala hajui kama ni mzima au amekufa! Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mmewafufua wafu wangu ili wamfungie njia mtoto wao."

Chuo kikafuta utafiti, kikamwondoa Rahma masomoni. Hemedi akawa anatoka kwenda kazini gizani ili asisalimiwe na majirani. Lakini hayo ni machache. Masika yalipokolea, mto ukakata njia ya msituni, na Tunu akawa anafika shule siku mbili kwa wiki, kisha moja. Jioni moja alimkuta mwanamume asiyemjua anamngoja njiani. Alikimbia, akafika nyumbani amepoteza daftari zote na kiatu kimoja. Nyanya yake akasema, basi, uhai kwanza. Shule ikaisha hapo.

Mwezi wa nane Rahma alimwomba Bibi ampeleke Vihingo. Alibeba madodoso mapya, hakuwa na chuo wala shirika nyuma yake. Alitaka kuuliza watu maswali ya kweli, apeleke majibu kwa Bi. Stellamaris, pengine mwaka mwingine kata ifikiriwe. Walilala siku tisa. Wengine walimjibu, wengine walimfungia mlango. Siku ya mwisho wakafika kwa wifi. Tunu alikuwa uani anamenya mihogo.

Rahma akachuchumaa, akafungua karatasi. "Mdogo wangu, naomba nikuulize. Nyumbani unajifunza kwa nini siku hizi?"

Tunu hakusimamisha kisu. "Andika tu, dada," akasema kwa adabu kabisa. "Majibu yetu si unayo?"

Rahma akabaki na kalamu hewani. Bibi Sikuzani akaketi upande wa Tunu, akachukua muhogo, wala hakumtetea mjukuu wake.

FUNZO

Wanangu mnaosoma hadi juu, utafiti ni amana. Ukiandika kwamba fulani amesema, umeushika ulimi wake, na ulimi wa mtu hauazimwi bila yeye kujua. Usiseme "hawa nawajua" kwa sababu umezaliwa nao ukoo mmoja. Nenda, kaa, uliza, ngoja jibu hata kama ni refu. Tope la barabara huoshwa kwa maji.

Nasi wazazi, tusijifanye tunawasaidia watoto kwa kuwashikia kalamu ya uongo. Hemedi hakumpenda bintiye siku ile. Alimsukuma shimoni kwa mkono laini. Tuwapeleke watoto kwa ndugu wangali wadogo, tuwatajie nani ni nani, nani yu hai na nani ametangulia, ili wasije wakawajua siku ya aibu.

Na wenye kuleta misaada, mkisha kusoma karatasi, njooni mtutazame kwa macho kabla ya kuchimba msingi. Karatasi haikohoi wala haisimami mlangoni ukaiona. Tunu yupo, ana miaka kumi na sita, anamenya mihogo, na hadi leo hakuna mtu aliyemuuliza kwa wakati.