Pembe ya Bazilio

Ndugu zangu, nyumba ya Bazilio wa Makere ilikuwa nyumba ya kicheko. Jioni Pelagia akisonga ugali, mumewe humtania kwamba kwa ugali mgumu hivi wangejenga kanisa, naye humjibu kwamba mbona hajawahi kuubakiza. Bazilio alikuwa fundi wa kuumika. Alichanja kwa wembe, akabandika pembe ya ng'ombe, akanyonya mpaka damu ikatoka. Hata watu wa Manyovu walimfuata.

Mwaka 1978 Pelagia alishikwa ghafla na maumivu ubavu wa kushoto. Winifrida, muuguzi wa zahanati, alijua moyo wake hudunda ovyo tangu utotoni, akasihi apelekwe hospitali Kasulu. Bazilio alikataa. Awaponye wa mbali, halafu mkewe ampeleke kwa wengine? Akamwumika siku tatu. Siku ya nne maumivu yakakoma, na Bazilio akazunguka kijiji kizima akijisifu.

Mwaka uliofuata maumivu yakaja ubavu wa kulia, na mkojo ukakauka. Bazilio akachukua pembe yake. Alimpenda mno mkewe.

"Baba Nsabimana," Pelagia alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, "leo iweke chini. Nipeleke."

Akaiweka. Hospitali ya Kasulu haikumweza, ndege ya misheni ikawachukua hapo hadi hospitali kubwa ya mbali. Daktari alimkagua mgongo kwanza, akaona makovu ya zamani tu, akashukuru. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufumua vidonda vibichi. Mwenye chale mpya asingeipata. Kisha, bila kumpasua, akapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena mpaka karibu na figo, akadondosha dawa pale pale lilipoziba donge la damu lililotoka moyoni. Kesho yake mkojo ukatoka. Bazilio alilia mbele ya chupa ya mkojo, wala hakuona haya.

Ndipo akasema, kwa fahari kidogo, kwamba ubavu wa kushoto aliutibu mwenyewe.

"Figo ya kushoto ilikufa, mzee," daktari alimwambia taratibu. "Maumivu yalikoma kwa sababu ilikufa."

Pelagia akamshika mumewe mkono, asiuachie mpaka chakula kikaletwa.

Siku hizi Bazilio akiletewa mgonjwa wa ubavu, humpakia kwenye baiskeli yake na kumkokota mwenyewe hadi hospitali.

FUNZO

Msomaji wangu, Bazilio hakukosa mapenzi, alikosa kuuliza. Ubavu ukimshika umpendaye, usingoje siku ya nne. Na maumivu yakikoma, usishangilie kabla hujajua yamekoma kwa nini. Pelagia yu hai kwa figo moja. Ile nyingine nayo ingeweza kuokolewa.