Supu ya Mwani ya Boram

Boram alikuwa na miaka kumi, na kila asubuhi yeye ndiye aliyeamka wa kwanza. Mama yake, Okhui, alikuwa ameshatoka alfajiri kwenda kiwandani kufunga kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili. Baba yake, Chilsong, alikuwa amelala sebuleni na viatu miguuni.

Boram aliosha soya zilizochipua. Alibandika sufuria, akatia kitunguu saumu, chumvi na pilipili. Alikuwa anapika supu ya kuzimua, ya kumwondolea mlevi uchovu wa pombe ya jana. Katika mji wetu huu wa viwanda vya saruji, mke anayempikia mumewe supu hiyo bila kununa husifiwa. Katika nyumba hii aliyesifiwa alikuwa mtoto.

"Mtoto wa dhahabu huyo," majirani walisema kwenye ngazi. "Baba yake ana bahati."

Bahati gani? Nikikumbuka maneno hayo hasira hunipanda mpaka leo.

Supu ilipoiva, alimwamsha baba.

"Baba, kunywa ingali moto."

"Mpigie msimamizi wangu wa kazi. Mwambie tumbo linaniuma."

"Jana nilisema tumbo."

"Basi sema mgongo. Wewe si una akili darasani?"

Boram alipiga simu, akasema mgongo. Kisha alikimbia shuleni, akalala juu ya dawati.

Asubuhi moja ya baridi kali, sufuria ilimponyoka. Supu ikammwagikia mkononi. Hakulia kwa sauti, maana baba alikuwa bado amelala. Bi Malsun wa ghorofa ya juu alimkuta nje, ameuzika mkono kwenye theluji.

"Theluji hapana, mjukuu wangu. Njoo bombani. Maji ya kawaida yatiririke juu yake, na tusiwe na haraka. Halafu twende zahanati."

Walisimama pale bombani muda mrefu.

"Bibi, usimwambie mama," Boram alisema. "Ni kosa langu. Supu ingekuwa nzuri leo."

"Ingekuwa nzuri, halafu?"

"Baba akinywa supu anakuwa mpole. Nikiipatia sawasawa, labda ataacha pombe."

Bi Malsun aligeukia ukutani kwanza. Mumewe mwenyewe alikufa kwa pombe, na wanawe wawili walikua wakipika supu hiyo hiyo.

Jioni alishuka kwa Okhui.

"Mama Boram, nimekuja kukuudhi."

"Keti kwanza, Bibi. Kama ni ule mkono, ilikuwa bahati mbaya tu."

"Mkono utapona. Mtoto wako anadhani yeye ndiye dawa ya baba yake."

Okhui aliinuka akafunga mlango. "Mambo ya nyumbani hayatoki nje."

"Yameshatoka, mwanangu. Ngazi nzima inanusa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilimficha wangu miaka yote, nikaishia kumzika."

"Sasa nifanyeje? Nimfukuze?"

"Nani amesema umfukuze? Ulevi ule ni ugonjwa. Hukuuleta wewe, wala mtoto hakuuleta, na hakuna supu ya kuuponya. Lakini mkimpikia, mkimsemea uongo kazini, ataonaje pombe inavyomharibu? Akitaka matibabu, msaidie. Kunywa usimsaidie."

"Akikasirika?"

"Usibishane naye akiwa amelewa. Akiinua mkono, mchukue mtoto mpande kwangu, tuwaite polisi. Na asiache pombe ghafla akiwa peke yake. Mwili uliozoea unaweza kumwangusha, kwa hiyo aende kwa daktari."

Kisha akamweleza habari za kituo cha afya. Jumamosi kuna kikundi cha familia za walevi. Watoto wana chumba chao. Wanachora, wanacheza, wanasema yaliyo moyoni, na hakuna anayewacheka.

"Watu wataniona," Okhui alisema.

"Vaa barakoa. Mimi nilivaa mpaka machoni."

Okhui aligoma. Jumamosi ilipita, na nyingine ikapita. Ya tatu akaenda na Boram, yeye barakoa mpaka machoni. Kwenye kiti cha pembeni yake alikuwa amekaa mke wa msimamizi wa Chilsong, naye ana barakoa yake. Walitazamana, wakazivua.

Njiani kurudi, Okhui alimshika mwanawe mkono.

"Boram, baba anakunywa, lakini si kwa sababu yako."

"Wala si kwa sababu ya hesabu ninazokosa?"

"Wala hizo."

Boram alilia njia nzima.

Okhui akaomba kuhamishiwa zamu ya mchana, ili asubuhi awe nyumbani. Siku ya kwanza Chilsong aliamka, akakuta jiko limezimwa.

"Supu iko wapi?"

"Mama amesema nisipike tena."

Alipiga meza, akatukana, akarudi kulala. Hakuna aliyempigia msimamizi. Baada ya siku chache alisimamishwa kazi. Siwadanganyi, nyumba ilizidi kuwa chungu. Okhui alipanda kwa Bi Malsun mara nyingi kulia, na mara nyingine alitamani kuishika tena ile sufuria.

Ikafika siku ya kuzaliwa ya Boram. Siku hiyo kwetu mtu hupikiwa supu ya mwani. Mwaka uliopita mwani ulilowekwa, lakini sufuria ilikuwa na supu ya baba, na mwani ukatupwa. Mwaka huu Boram aliamshwa na harufu. Mama alikuwa jikoni.

Chilsong akaja mezani.

"Nipe kidogo. Kichwa kinapasuka."

Boram alishika bakuli kulisogeza, kama alivyozoea.

"Hiyo ni ya mtoto," Okhui alisema taratibu.

Chilsong aliutazama ule mkono juu ya bakuli. Kovu lilikuwa limeenea mpaka kwenye kifundo.

"Mkono umefanya nini?"

"Niliungua, Baba. Wakati wa theluji. Nilikuwa nakupikia."

Chilsong alikaa hapo hapo, akalia kama mtu aliyefiwa.

Juma lile Okhui alimpeleka kituoni kwa daktari. Aliacha pombe, akairudia, na sasa yuko huko tena. Kama atapona, sijui. Lakini asubuhi ile ya kuzaliwa kwake Boram alimaliza supu yake yote, akaomba nyingine.