Jina la Tatu

Wewe unayecheza ule wimbo wa Charlène kwenye simu, umewahi kuusikiliza mpaka mwisho?

Wimbo huo ulizaliwa Dzaleka, kambini kwa wakimbizi, mchana mweupe, kwenye mkeka wa matanga. Binti mmoja, Maombi, alikuwa anamlilia mama yake kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Kwao, wimbo wa matanga hufungwa kwa kuita jina la marehemu mara tatu. La aliye hai haliguswi. Charlène, mwenzake wa kwaya, alikaa pembeni akiitikia.

Miezi miwili baadaye, Charlène akaurekodi studio fulani ya mjini, Area 36. Jina la mama wa watu akalitoa, akatia la-la-la. Kabaza wote, wale wa pikipiki za abiria, wakaupiga kwenye redio zao, mpaka mtaa wa Biwi.

Eti artiste! Darasa la saba hakumaliza. Mwenye wimbo anauza mandazi, diplôme yake ya ualimu inalala chini ya godoro, kazi hakuna. Wivu ukamkaa Maombi kooni kama mwiba wa samaki.

"Andika basi na jina yangu. Mi njo nilitunga."

Charlène akacheka. "Ma chère, we ulie tu. Kuimba uniachie mi."

Kesho yake, bombani, Maombi akasugua ndoo huku akiimba. Akafika mwisho. Akatia jina.

"Charlène. Charlène."

Mama Générose, jirani yake, akamziba mdomo. "We mutoto! Iko muzima ule!"

La tatu likabaki hewani. Wimbo haukufungwa.

Jumamosi Charlène akapanda jukwaani Kanengo. Akafungua mdomo. Hewa tupu. Mpaka leo hata "zikomo", asante ya wenyeji, haimtoki.

Maombi akafurahi. Siku tatu tu.

Siku ya nne kabaza akapita na redio yake. Wimbo ukafika mwisho. La-la-la haikuwepo. Ilikuwa sauti ya Maombi mwenyewe, na ndoo ikisuguliwa nyuma yake.

"Charlène. Charlène."

Kimya. Kisha, humohumo redioni, mtu akavuta pumzi.

"Mama Générose," Maombi akanong'ona, "umesikia?"

Mama Générose alikuwa ameshaanza kurudi nyuma.

Juzi, baada ya ile pumzi, pale pa jina la tatu, ilisikika "Ma". Jana, "Mao".

Ninyi wa studio, Maombi hajakanyaga kwenu hata siku moja. Sauti yake mmeitoa wapi? Na ninyi wa redio, mnangoja nini? Ufuteni. Leo. Kabla haujapigwa tena.