Glasi Tano Nilizommiminia Festo

Nina miaka sitini na sita. Naishi peke yangu Namswea, katika shamba la kahawa aliloniachia marehemu baba. Sijawahi kuolewa. Haya ninayowaeleza, wasomaji wenzangu, hata padri sijawahi kumwambia yote...

Enzi za Ujamaa nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Mbinga. Festo alikuwa ofisa ushirika, aliyehamishiwa kwetu kutoka kaskazini. Mtanashati, mpole wa maneno. Alinipenda, au ndivyo nilivyodhani.

Ugonjwa wa chupa uliletwa na mhandisi mmoja wa barabara, Mmarekani. Aliwaonjesha maofisa wetu bourbon, wiski ya kwao ya mahindi, na tekila, kinywaji cha Meksiko kinachotokana na mmea unaofanana na mkonge. Alipoondoka, watano kati yao hawakuacha. Kila Jumapili baada ya misa walikutana nyumbani kwa Festo, mapazia yameshushwa, maana siku zile mtumishi wa umma kuonekana na anasa kama ile ilikuwa hatari.

Hawakuwa walevi. Walionja kidogo, wakafumba macho, wakabishana kuhusu moshi, asali na ngozi. Chupa nzuri hazikufunguliwa kabisa. Zilipangwa kabatini, zikafutwa vumbi kama vyombo vya altare. Bwana Salehe, karani wa mahakama, ambaye dini yake haikumruhusu kuonja, alikuja kula karanga na kuwaandikia katika daftari.

Mimi niliitwa kuwamiminia, kutoka chupa zilizoviringishwa magazeti ili wakisie kilichomo. Tangu utotoni baba alikuwa amenifundisha kunusa kahawa iliyochacha kupita kiasi, na pua hiyo haikunidanganya. Jumapili moja nilimnong'oneza Festo kwamba kilichomo katika glasi yake siyo kile alichokitaja. Wakaifunua chupa... nilikuwa sahihi.

Tangu siku hiyo tukawa na siri. Nikiiweka glasi upande wake wa kushoto, ajue ni bourbon ya aina fulani. Kulia, nyingine. Nikiweka kitambaa chini yake, tekila. Festo akapata sifa mpaka Songea. Wakamwita Bwana Pua. Nami nilifurahi, kwani si angekuwa mume wangu?

Ugonjwa ukaniingia na mimi. Mshahara wangu wa miaka miwili uliishia kwa Kanuti, mvuvi wa Lituhi, aliyevuka ziwa hadi upande wa Malawi na kurudi na chupa chini ya nyavu. Nilifikisha chupa kumi na moja. Kwa kuwa baba asingeziruhusu nyumbani, Festo alinitunzia.

"Tukioana zitakuwa zetu sote," alisema.

Asubuhi moja aliniletea barua niichape. Yalikuwa maombi ya likizo ya kufunga ndoa. Nilichapa mistari mitatu nikitabasamu peke yangu. Mstari wa nne ulikuwa na jina la bibi harusi. Halikuwa langu...

Alikuwa mpwa wa mkubwa mmoja wa mkoani. Niliimaliza barua ile. Sikukosea hata herufi moja. Kisha nikampelekea mezani kwake.

"Na mimi, Festo?"

"Wewe una kazi yako, Rozina. Usijichanganye."

"Basi nipe chupa zangu."

Akacheka. "Binti wa Namswea na tekila, wapi na wapi? Nani atakuamini?"

Mwezi haukuisha nikapewa uhamisho wa kwenda Lituhi. Nilifika pale na sanduku moja na macho yaliyovimba. Walionipokea ni Kanuti na mkewe, Mama Kolumba. Walinipa chumba, wakanilisha ugali na usipa, dagaa wa ziwa lile, hawakuniuliza lolote. Kwa mwaka mzima nilikuwa mtoto wao.

Lakini je, nilipona? Hapana. Kila nilipolala niliuona uso wa Festo ukicheka. Niliomba Mungu anipe siku moja tu.

Siku ikaja yenyewe. Festo alifika na Land Rover ya ofisi, akaketi uani kwa Kanuti akizungusha kofia mikononi. Yule mkubwa, mjomba wa mkewe, alikuwa amezisikia sifa za Bwana Pua, na Jumapili ya pili angekuja Mbinga kuzishuhudia. Glasi tano, chupa zimefichwa jikoni, Festo azitaje zote.

"Nisaidie mara hii tu, Rozina. Cheo changu kiko mikononi mwa mzee yule."

Nikamjibu, "Nitakuja, kaka."

Hata hilo neno kaka hakulisikia. Alishafurahi.

Jumapili ile nilivaa gauni langu la kanisani. Jikoni kulikuwa na chupa tano, tatu kati yake zangu mwenyewe. Nikachukua moja, bourbon ya kawaida kabisa, na nikajaza glasi zote tano kutoka humo humo.

Kisha nikampelekea Festo moja moja. Kushoto. Kulia. Ya tatu nikaitandikia kitambaa. Akavuta harufu kwa mbwembwe, akasema hiyo ni tekila iliyolala kwenye pipa, anasikia hata udongo wa Meksiko. Mkubwa naye akaonja, akatikisa kichwa. "Kweli, hii ni tofauti kabisa." Bwana Salehe akaandika. Hadi ya tano, kila glasi na jina lake, kila glasi na ladha yake.

Nikatoka jikoni na chupa moja mkononi, nikaiweka mezani mbele yao.

"Zote tano zimetoka humu," nilisema.

Bwana Salehe ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, na wengine wakafuata. Festo aligeuka rangi ya majivu. Wasomaji, nisiwadanganye... sijawahi kuonja kitu kitamu kama dakika ile.

Ningenyamaza pale, yote yangeishia pale. Lakini Festo alisimama akinionyesha kidole. "Mwizi huyu. Ameingia jikoni kuharibu chupa zangu."

"Ni zangu," nilimjibu. "Muulizeni Kanuti wa Lituhi. Ndiye aliyenivushia ziwani zote kumi na moja."

Nilitaka kushinda mpaka mwisho. Kicheko kilikatika. Bwana Salehe akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma. Mkubwa, ambaye hakuwa amecheka hata kidogo, akaniuliza taratibu, "Kanuti nani, binti?"

Alhamisi polisi walifika Lituhi. Mashua ikachukuliwa, Kanuti akafungwa miaka miwili kwa magendo. Waliokunywa hakuna aliyeguswa. Mimi nilifukuzwa kazi. Festo alikosa cheo, akahamishwa, na nasikia hadi anastaafu watu walikuwa wakishika pua wakimwona. Hilo halijawahi kunisikitisha, na wala sitajifanya.

Lakini Kanuti alitoka gerezani na kifua kibovu. Hakurudi ziwani tena. Nilikwenda kupiga magoti mbele ya Mama Kolumba, nikamkuta akichambua dagaa wa kuombaomba kwa majirani.

"Shikamoo, mama."

Aliitikia, akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, tangu alipokuja yule bwana mpaka ile Jumapili, ulikuwa na siku kumi za kupanga. Kwenye kupanga kwako, sisi ulituwaza hata mara moja?"

Nikamwambia ukweli. Hapana, mama. Hata mara moja.

Akarudi kwenye dagaa wake.

Wewe unayesoma haya huku umeumizwa, na una mpango moyoni, nakuomba uuache. Sikwambii umsamehe aliyekuumiza, mimi mwenyewe sijaweza. Nakuomba tu uwatazame waliokupokea ulipokuwa unalia, maana wao ndio watakaokuwa karibu nawe siku utakapopiga.