Bundi wa Shaba Nyeusi

"Ingia. Peke yako."

Sauti ya Thani, mkuu wake, ikakatika kwenye kifaa cha sikioni.

Kuruthum akashuka kwenye Land Cruiser, bastola ya Glock mkobani, buibui hadi miguuni. Jumatano, saa tatu asubuhi, soko la wanawake, mji wa Ibra, Oman. Wanaume marufuku. Ndiyo maana idara ya ujasusi ilimtuma yeye.

Mwanamke mthamini wa sarafu kutoka Dubai, aliyeitwa na genge la wezi, alikamatwa mpakani jana, kimyakimya. Leo Kuruthum anajifanya ndiye mthamini huyo.

Bi Radhia, mkuu wa genge, alikaa nyuma ya vikapu vya hina na udi. Mkongwe, macho makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

Bibi akamwekea mbele sarafu mbili za Kigiriki, za shaba nyeusi. Wenzake bibi walimuua mlinzi wa makumbusho ng'ambo, wakaiba arubaini kama hizo.

"Nisomee."

Ya kwanza: mkuki wa meno matatu, pomboo wawili.

"Silaha ya mungu wao wa bahari. Mji ulikuwa unatangaza: maji haya ni yetu. Hii ya kweli."

Ya pili: bundi.

Akikosea, hatoki hai.

"Bundi wa Athene hukukabili uso kwa uso. Huyu anatazama pembeni kama mwizi. Ya bandia."

Bibi akacheka.

"Kwetu bundi nuksi, wao wakamfanya alama ya hekima! Haya, umefaulu. Zilizobaki zimo kwenye gunia la ndimu kavu, pikapu nyeupe, hapo nje; nenda ukazikague. Adhuhuri zinapakiwa kwenye boti, bandari ya Sur."

Akamwangalia kwa upole.

"Unasema kama watu wa Unguja wa zamani. Ijumaa njoo ule pilau kwangu. Wanangu wote wako mbali, nala na kuta."

Miaka sita ya ujasusi, hakuna aliyemwalika Kuruthum popote.

Simu ya bibi ikalia. Akasikiliza. "Mthamini amekamatwa jana?" Uso ukabadilika. Mkono ukazama kwenye kikapu cha hina.

Bastola!

Kuruthum akaudaka mkono, akausokota. Risasi ikapasua turubai juu. Mayowe.

"Thani! Pikapu nyeupe, gunia la ndimu!"

Dakika mbili. Kisha Thani, sikioni: "Tumeikamata. Sarafu zimo zote."

Askari wa kike wakaingia na pingu. Bibi hakulia.

"Jina lako la kweli nani, mwanangu?"

Kuruthum alitaka kumjibu. Alitaka sana.

Akavaa miwani ya jua. Wanawake wakampisha njia, hakuna aliyemgusa. Akawasha gari, akashika barabara ya Nizwa.

Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.