Rili Iliyotolewa Kilimi

Mimi si mtu wa kuogopaogopa. Ulizeni mtaani. Nimewahi kumkodolea chatu macho mpaka akaona haya, akageuka zake. Shule sikuimaliza, shule ndiyo ilinimaliza, lakini kwa ushujaa ningestahili digrii mbili na joho juu. Basi mjue ninachowasimulia si mchezo, maana tangu yampate shemeji yangu, mume wa dada yangu, nikisikia saa ya ukutani inagonga natoka nje.

Shemeji alikuwa fundi saa, na ugonjwa wake ulikuwa rili. Rili ni kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, kinafungwa chini ya ufito wa kuvulia. Yeye alipenda zile za zamani, za shaba, za wavuvi wanaorusha ndoano iliyovikwa manyoya ili samaki adhani ni nzi. Alizipanga kwenye kabati la kioo sebuleni, nyingi kuliko ndugu zetu siku ya kugawana urithi. Ndani ya rili kuna kilimi, kichuma kidogo kama ukucha wa mtoto. Kinagusa meno, kinalia krrr, na ndicho kinachozuia kigurudumu kisikimbie. Mfunge shemeji kitambaa machoni, zungusha rili yoyote, anakutajia ni ipi. Siku ya kuzaliwa ya mkewe sasa, hiyo hakumbuki.

Jumamosi moja asubuhi nilimsindikiza kwa mjane mmoja, mshona mapazia. Alitutolea rili iliyofungwa kwenye taulo. Mshipi wake ulikuwa wa hariri, wa njano, ila umebaki nusu.

"Mume wangu alizama mtoni akivua nayo," akasema. "Rili ilibaki ukingoni. Nusu ya mshipi kaondoka nayo yeye, na mpaka leo hajaonekana."

"Unaiuzaje, mama?"

"Siuzi, mwanangu. Niondolee tu. Ila usiizungushe. Usimvute."

Njiani nilicheka mpaka mbwa wa mitaa mitatu wakabweka. Shemeji hakucheka. Alikuwa anaibusu rili.

Jioni ile akaipeleka mtoni. Akarusha mara moja, akazungusha kurudisha. Hakupata hata kidagaa.

Alipata mshipi. Rili ilirudi nyumbani na mshipi mwingi kuliko ilivyoondoka nao.

Wiki iliyofuata dada akaniita.

"Kaka, mwambie shemeji yako akaitupe. Inajizungusha yenyewe mle kabatini. Silali."

Nikasogea kwenye kioo, kifua mbele. Nikasikia. Krr. Kimya. Krr. Kishikio kilikuwa kinakwenda polepole, kama mtu mzima anayepanda ngazi. Juu ya hariri ya njano ulikuwa umejiviringa mwingine, wa rangi ya matope, umelowa, una vijani vya mtoni. Ulikuwa unatokea wapi? Sikuona. Nilikuwa mlangoni tayari. Kuangalia upepo tu, msinielewe vibaya.

"Kaitupe, shemeji."

"Wewe una wazimu? Rili ya umri huu, na mshipi wake wote wa asili? Wakusanyaji wenzangu watalia machozi. Ngoja ijae kwanza."

"Na mke wangu kukosa usingizi," akaendelea, "hilo dogo."

Akachukua bisibisi yake ya saa. Akafungua rili. Akatoa kilimi, akakitia kwenye kiberiti kitupu. Kelele ikaisha.

Dada akalala usingizi mzuri. Na rili ikaendelea kujaa, bila mtu kuisikia.

Jumanne mchana nilipita kurudisha ngazi yao. Dada alikuwa kazini. Mlango ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa na maji, mchirizi mmoja mwembamba, kutoka kizingitini mpaka mezani.

Shemeji alikuwa amekaa. Rili mbele yake, imejaa pomoni. Kidole gumba amekibana juu yake, kimekuwa cheupe.

"Usiongee," akanong'ona.

"Kuna nini?"

"Ilijaa. Sasa inatoka."

Mshipi ulikuwa umenyooka, umekaza, kutoka kwenye rili kwenda nje mlangoni. Unatetemeka. Ulipita kwanza kwenye kiganja chake cha kushoto. Pale palikuwa na ndoano. Manyoya tu ndiyo yalionekana.

"Kilimi," akasema. "Shemeji. Kilimi."

Nikageukia kabati. Kiberiti kile pale. Nikakivuta. Mikono, mikono hii iliyoinua gari likiwa na abiria, ikashindwa na kiberiti. Kilimi kikaanguka. Nikainama. Nikakiokota.

Sikusikia kitu. Hata kiti hakikulia.

Nilipoinuka, kiti kilikuwa kitupu. Rili ilikuwa inazunguka kwa kasi, kimya kabisa. Kisha ikasimama. Ilikuwa imebaki nusu. Hariri ya njano. Ncha imekatika safi.

Tulimtafuta mtoni, na wapiga mbizi wakatafuta. Hakuna. Mjane alikuja kwenye msiba, akakaa karibu na dada.

"Wangu karudi," akamwambia kwa sauti ya chini. "Jumanne ile ile, mchana. Kalala ukingoni, na nguo zake zile zile. Nimemzika, mwenzangu. Nimepumzika."

Dada alikuwa anamwangalia mdomo.

Nilikirudisha kilimi kwa mkono wangu, nikakaza skrubu mpaka bisibisi ikapinda. Nilitaka kuichukua rili nikaitupe. Dada akakataa katakata. "Ni ukumbusho wa mume wangu, kaka. Iache."

Juzi nimepita. Dada kanipokea vizuri, kanenepa kidogo, anacheka. Nikachungulia kabatini.

Rili haikuwa nusu. Juu ya ile njano kulikuwa na mshipi wa matope, umelowa.

"Dada, umeizungusha?"

"Nimeipaka mafuta tu, kaka. Karibu chai."

Nikasimama pale nikisubiri isikike krr. Kishikio kilikuwa kinakwenda, naapa, nakiona kwa macho yangu.

Haikulia. Na bisibisi ya saa ilikuwa juu ya meza, pembeni ya kiberiti.