Vidoa vya Rangi ya Kucha

Duka la vipodozi lilifurika watu Jumamosi hiyo, na chupa ya dawa ya kung'arisha nywele ilibaki moja tu. Mikono miwili ikaikamata kwa pamoja.

"Kaka, wewe hata nywele huna!" alisema msusi mmoja mwenye gauni la njano na vidole vilivyojaa rangi za wateja wake.

"Ni ya kompyuta," alijitetea yule kaka, fundi wa kompyuta za zamani. "Plastiki za zamani hugeuka njano. Naipaka hii, naianika juani, inarudi nyeupe."

Msusi alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Basi chukua. Na mimi nina mgonjwa wako nyumbani."

Mgonjwa huyo alikuwa kompyuta ya marehemu mama yake, aliyekuwa katibu muhtasi, akimalizia kazi za ofisi nyumbani. Ilikuwa haijawaka miaka tisa. Wakaanza kupendana, na mapenzi yao yalipotimiza miezi mitatu ndipo msusi alipomwamini fundi, akamkabidhi.

"Iwake tu, mpenzi. Sitaki kingine."

Fundi alisikia, ila mapenzi yalikuwa yamempanda kichwani. Alibadilisha vipuri vilivyoungua, ikawaka. Angeishia hapo! Lakini alikuwa na pete mfukoni, akaona haya kuposa kwa kitu kilichochakaa. Akang'oa vitufe, akavisugua, akafuta vidoa vyekundu vilivyogandia juu yake. Akaipaka dawa, akaianika siku mbili. Ikatoka nyeupe pe.

"Njoo, malkia," alimpigia simu. "Mgonjwa amepona."

"Usinitanie wewe!"

"Njoo uone. Vaa lile gauni la njano."

Alikuja mbio, anahema. Herufi za kijani zilimsubiri kwenye skrini, lakini hakuzitazama. Alipapasa vitufe, kimoja baada ya kingine.

"Vidoa viko wapi?"

"Vidoa vipi?"

"Vyekundu! Mama macho yalianza kumwisha. Nikampakia rangi ya kucha kwenye vitufe, aone pa kubonyeza, asifukuzwe kazi. Nilikuwa na miaka kumi. Viko wapi?"

Fundi aliviinamia vitufe vyeupe. "Nilidhani uchafu."

"Nilikwambia iwake tu."

"Nisamehe, kipenzi. Nitanunua rangi, tutapaka upya leo hii."

"Vilikuwa vimelika pale vidole vyake vilipogusa. Huko kulika nako utakupaka?"

Hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye skrini: UTAKUBALI NIKUOE? Alisoma, akasoma tena.

"Ungeniuliza jana," alisema, "ningekubali kabla hujamaliza."

Akaizima. Akaibeba mwenyewe hadi mtaani, nzito vile, akakataa kusaidiwa.

Fundi alipiga simu wiki nne mfululizo. Mara moja tu ikapokelewa.

"Inawaka?" fundi aliuliza.

"Inawaka vizuri. Kazi niliyokupa uliifanya, ndiyo maana nashindwa hata kukuchukia. Lakini kila nikiiwasha, naona kama imetoka dukani leo."

Akakata simu, na fundi hakupiga tena.